Kiraka cha pasi kimegoma: soma dalili, tafuta chanzo

Kiraka kikibanduka, gundi ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi haina kosa. Kosa liko kwenye pasi, kwenye meza iliyo chini ya nguo, kwenye maji yaliyosahaulika ndani ya pasi, au kwenye nguo yenyewe ambayo haikufaa kubandikwa kitu tangu mwanzo. Kila kosa huacha alama yake. Ukiisoma alama hiyo vizuri, huna haja ya kurudia kazi yote kwa kubahatisha.

Kwanza ielewe gundi. Nyuma ya kiraka kuna tabaka la plastiki linaloyeyuka kwa joto. Likiwa baridi ni kavu, halinati. Likipata joto la kutosha hulainika kama nta, na likikandamizwa hupenya katikati ya nyuzi za kitambaa. Likipoa, hugandia humo humo. Kwa hiyo mambo ni manne: joto lifike kwenye gundi, mkandamizo uwepo, muda utoshe, na kiraka kipoe kabla hakijaguswa. Jambo la pili ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu mkono uliozoea kunyoosha nguo umefundishwa kuitembeza pasi. Kwenye kiraka pasi haitembei. Inawekwa, inakandamizwa kwa uzito wa mwili, inanyanyuliwa, inahamishiwa sehemu inayofuata.

Kisha ielewe nguo. Nukta zilizo kwenye lebo ya nguo, na kwenye pasi nyingi, zinaonyesha kiwango cha joto: moja ni takriban nyuzijoto 110 za Selsiasi, mbili ni takriban 150, tatu ni takriban 200. Viraka vingi hutaka joto la nukta mbili au tatu. Maelekezo yaliyokuja na kiraka yakisema vingine, yafuate hayo. Lakini lebo ya nguo ikiwa na nukta moja tu, au ikiwa na picha ya pasi iliyopigwa alama ya X, kiraka na nguo hiyo havipatani. Joto la kuyeyusha gundi litaiharibu nguo, na joto la kuiacha nguo salama halitaigusa gundi. Hapo usihangaike na pasi, chukua sindano.

Hakishiki hata kidogo

Geuza kiraka uangalie mgongo wake. Kiraka chenye gundi kina mgongo laini, mgumu kidogo, unaong'aa au wenye utando unaoonekana. Ukiona nyuzi za kutarizi zinazopishana au kitambaa kikavu tu, hicho ni kiraka cha kushona, na hata ukikipiga pasi hadi kesho hakitashika. Ukikitaka kwa pasi hata hivyo, nunua utando wa gundi ya pasi unaouzwa kwa vifaa vya ushonaji, ukate uwe mdogo kuliko kiraka kwa milimita moja au mbili kila upande, kisha uweke katikati ya kiraka na nguo. Viko pia viraka ambavyo nyuma vina karatasi ya kubanduliwa kwanza. Karatasi hiyo ikibaki, unaipasha joto karatasi. Na vingine vina gundi inayonata kwa kidole bila joto. Hivyo vimekusudiwa kukaa kwa muda mfupi tu, na pasi haitavifanya vidumu.

Kama gundi ipo, tazama pasi. Maji yakiwa ndani, mimina yote na uzime mvuke. Mvuke hulowesha kitambaa, na joto linaloenda kuyakausha maji ni joto ambalo gundi imelikosa. Halafu kuna matundu ya mvuke kwenye uso wa pasi: chini ya kila tundu hapaguswi na chuma, kwa hiyo gundi ya hapo hupata joto pungufu. Ukishakandamiza mara moja, isogeze pasi kidogo ukandamize tena, ili matundu yasiangukie palepale.

Kilicho chini ya nguo nacho kina sehemu yake. Meza ya kupigia pasi ina sponji au kitambaa kinene, na sponji hunywa mkandamizo wako wote. Unasukuma, nayo inabonyea. Weka nguo juu ya ubao au meza ngumu inayostahimili joto, iliyotandikwa shuka moja jembamba la pamba. Wakati mwingine badiliko hili peke yake hutosha kutengeneza kiraka kilichokuwa kimekataa.

Kitambaa unachokiweka kati ya pasi na kiraka nacho kisiwe kinene. Kinahitajika, maana kinailinda nakshi ya kiraka isiungue, lakini taulo ni kizuizi cha joto. Tumia kipande chembamba cha pamba au karatasi ya kuokea. Kandamiza sekunde 30 hadi 45 kila sehemu. Baada ya hapo igeuze nguo ndani nje na ukandamize upande wa nyuma muda kama huo. Hatua hii ya nyuma hurukwa na wengi, nami naiona ndiyo muhimu kupita zote. Kiraka cha kutariziwa ni kinene. Joto linalotoka juu lina safari ndefu hadi kwenye gundi. Kitambaa cha nguo ni chembamba, kwa hiyo joto linalotoka nyuma hufika upesi, tena hufika kwenye nyuzi za nguo zenyewe, na huko ndiko gundi inakotakiwa kuingia.

Mwisho, jiulize ulikijaribu lini. Kama ulikivuta ukingo pasi ilipoondoka tu ili uone kama kimeshika, ulikuwa unaivuta gundi iliyoyeyuka, na bila shaka iliachia. Kiache hapo hapo bila kukigusa hadi kipoe kabisa, hata kama ni dakika kumi. Ukipenda, weka kitu bapa na kizito juu yake wakati kinapoa.

Katikati kimeshika, kingo zinainuka

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na chanzo chake si kimoja.

Anza na umbo la ukingo. Viraka vingi vya kutarizi vimezungushiwa ukingo mnene wa nyuzi zilizopindwa kwenda nyuma, na chini ya ukingo huo mara nyingi hakuna gundi. Gundi inaishia ndani kidogo. Hata ukipiga pasi kwa ufundi wote, sehemu hiyo ya nje haina cha kuishikisha. Viraka vilivyokatwa kwa joto bila ukingo wa nyuzi hukaa bapa zaidi na gundi yao hufika hadi mwisho, ndiyo maana hivyo husumbua kidogo. Basi kabla hujarudia pasi, chungulia chini ya ukingo ulioinuka. Ukiona utando wa gundi, rudia. Ukiona nyuzi tupu, kurudia ni kupoteza muda.

Chanzo cha pili ni mshono wa nguo. Ukibandika kiraka juu ya mshono wa jinzi, au karibu na zipu, kifungo au mfuko, pasi hulala juu ya sehemu iliyoinuka na kuacha uwazi pande zote mbili. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mstari ulioachia unafuata mshono. Hapa kanuni ya meza ngumu inageuka. Tandika taulo lililokunjwa chini ya mshono ili ule uvimbe uzame, kisha kandamiza kwa ncha ya pasi kila upande wa mshono. Kofia inasumbua namna hiyo hiyo kwa sababu ya mviringo wake. Ijaze taulo lililoviringishwa kwa nguvu mpaka iwe imara, ukandamize kipande kwa kipande ukitumia ncha.

Cha tatu ni mahali. Goti, kiwiko, na mkunjo wa begi hukunjwa mara nyingi sana kwa siku. Kitambaa kinakunjika, kiraka kigumu hakikunjiki, na ukingo ndio unaobeba ugomvi huo. Pasi haiwezi kutatua jambo hili. Kama ni lazima kiraka kikae gotini, kata pembe zake kali ziwe za mviringo kabla hujakibandika, ikiwa ni kiraka cha kitambaa kinachokatika bila kufumuka. Pembe kali ndiyo huinuka kwanza daima.

Dawa ya kudumu ya kingo ni uzi. Kuna watu wanaoona kushona juu ya kiraka cha pasi ni kukiri kwamba pasi imeshindwa. Mimi naona ndio utaratibu wa kawaida kwa nguo yoyote inayofuliwa kila wiki. Gundi inafanya kazi ambayo pini zingefanya, tena vizuri kuliko pini: inakishikilia kiraka mahali pake bila kusogea wakati unashona. Chukua uzi wa poliesta wa rangi ya ukingo. Toa sindano kutoka ndani ya nguo ipite kwenye ukingo wa kiraka, uishushe kwenye kitambaa pembeni kabisa mwa ukingo, kisha usogee milimita tatu au nne na urudie. Uzi utazama kwenye nyuzi za ukingo na hautaonekana. Vaa kastabini, kwa sababu kiraka na gundi kwa pamoja ni vigumu na sindano itakusukuma kidole.

Ukitumia cherehani, funga sindano ya jinzi, namba 90 au 100. Cherehani ikianza kuruka mishono katikati ya kazi, usikimbilie kurekebisha mkazo wa uzi. Itazame sindano: ina gundi. Ipanguse kwa kitambaa chenye spiriti uendelee. Na kama kiraka kiko juu ya mfuko, ingiza mkono mfukoni uone unashona tabaka ngapi, usije ukaufunga mfuko.

Kilishika vizuri, kikabanduka baada ya kufuliwa

Kwanza uliza nguo ilikuwaje kabla. Kilainishi cha nguo hupaka nyuzi utando mwembamba, na gundi hushika utando huo badala ya kitambaa. Siku ya kwanza kinaonekana kimeshika. Maji yakipita, utando unaondoka na kiraka nao. Nguo mpya kutoka kiwandani nayo huwa na dawa za kuipa ugumu na mng'ao, ambazo hufanya hivyo hivyo. Nguo zenye dawa ya kuzuia maji ni ngumu zaidi, maana dawa hiyo imewekwa makusudi ili kitu chochote kisipenye kwenye nyuzi. Kwa nguo za aina mbili za mwanzo, fua kwa sabuni tu bila kilainishi, kausha kabisa, kisha bandika. Kwa koti la mvua, shona, na ukishamaliza paka matundu ya sindano dawa ya kuzibia mishono, la sivyo maji yatapita hapo.

Pili, ilifuliwa lini na vipi? Ipe nguo angalau siku nzima kabla ya kugusa maji. Baada ya hapo ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi au ya uvuguvugu, na ianikwe. Mashine ya kukaushia ni adui wa viraka: joto hulegeza gundi huku nguo ikigongwagongwa na kukunjwa bila kupumzika. Kwa nguo zinazosafishwa kwa dawa badala ya maji, fahamu kwamba baadhi ya gundi hulainishwa na dawa hizo, kwa hiyo kiraka chake kishonwe pande zote.

Kiraka kilichotoka chote baada ya kufuliwa kinaweza kurudishwa ikiwa gundi bado ipo mgongoni. Kausha vyote viwili, sugua kitambaa kwa brashi kuondoa uchafu, uanze upya. Kikitoka mara ya pili, gundi ile imekwisha kazi. Ongeza utando mpya wa gundi au ushone.

Kitambaa kimejikunja kuzunguka kiraka

Kama mikunjo ilitokea baada ya kufua, nguo imerudi na kiraka hakikurudi. Pamba isiyowahi kufuliwa hupungua ikikutana na maji, hasa ya moto. Kiraka cha poliesta hubaki kilivyo. Mikunjo hiyo haitanyooka kwa pasi. Njia ni kukitoa kiraka, kuifua nguo hadi imalize kupungua, kisha kukirudisha.

Kama mikunjo ilitokea palepale mezani, basi kitambaa ni cha kuvutika na ulikivuta wakati wa kukitandika. Kilipopoa kilirudi katika ukubwa wake huku kiraka kikiwa tayari kimeganda. Kitandike kikiwa kimelegea. Na kwa fulana nyembamba usiweke kiraka kikubwa kizito, hata kikishika vizuri. Kitaivuta nguo chini na kifua kitaning'inia.

Kuna malengelenge chini ya kiraka

Ni hewa au unyevu ulionaswa, au sehemu ambayo haikukandamizwa. Pasha tena kwa nyuma, ukianzia katikati kuelekea nje. Malengelenge yakiwa yanarudi mahali palepale, toa kiraka utazame. Huenda kuna uzi, unywele au kipande cha karatasi.

Gundi imetoka pembeni, imepenya, au imeishika pasi

Gundi ikivuja kando, joto au muda ulizidi, au kulikuwa na gundi zaidi ya inayohitajika. Hutokea sana ukiongeza utando wa gundi wa ukubwa ule ule wa kiraka, ndiyo sababu nimesema ukatwe mdogo. Iache ipoe, kisha ikwangue kwa kucha. Inayobaki, weka karatasi ya kaki juu yake na upitishe pasi ya joto la wastani. Gundi itahamia kwenye karatasi. Badilisha karatasi kila mara, la sivyo unairudisha.

Gundi ikipenya hadi upande wa ndani, nguo ni nyembamba, na hatari iliyo kubwa zaidi ni mbele ya fulana kushikana na mgongo wake. Kabla ya kuwasha pasi ingiza karatasi ya kuokea katikati ya tabaka hizo mbili. Zikiwa zimeshikana tayari, usizivute zikiwa baridi. Zipashe joto kidogo na uzitenganishe polepole zikiwa bado moto.

Uso wa pasi ukishika gundi, usafishe kabla ya kugusa nguo nyingine. Pasi ikiwa na uvuguvugu, ipitishe juu ya karatasi ya kaki mara kadhaa. Mabaki yakigoma, zima pasi, chomoa waya, ngoja ipoe, kisha sugua kwa kitambaa chenye uji mzito wa soda ya kuokea na maji, na upanguse vizuri, hasa kwenye matundu. Usitumie kisu wala waya. Mikwaruzo hushika gundi zaidi siku nyingine.

Nguo imebaki na alama inayong'aa, au imeungua

Mng'ao unaofuata umbo la pasi kwenye poliesta maana yake nyuzi zimelainika na kulazwa bapa. Kwenye sufu alama kama hiyo mara nyingi hupungua kwa mvuke na brashi laini. Kwenye poliesta hubaki. Unachoweza kufanya ni kuweka kiraka kikubwa zaidi kinachoifunika. Rangi ya kahawia kwenye pamba ikiwa hafifu huenda ikapungua baada ya kufuliwa. Ikiwa imekolea, nyuzi zenyewe zimeungua na zitakatika baadaye.

Nailoni, akriliki, hariri, satini na ngozi usizijaribu kwa pasi. Mahameli naiongeza kwenye orodha hiyo kwa sababu nyingine: hata isipoungua, gundi hushika ncha za manyoya yake tu, na pasi huyalaza yasisimame tena. Sweta la kufuma lina shida inayofanana, kwani gundi haipati uso bapa wa kushika. Na kwa nguo yoyote unayoitilia shaka, jaribu pasi kwanza mahali pasipoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa pindo.

Rangi ya nguo imepanda kwenye kiraka

Kiraka cheupe kwenye fulana nyekundu ya poliesta kinaweza kuwa cha waridi. Si uchafu. Rangi za poliesta huweza kugeuka mvuke kwa joto kali na kuhamia kwenye kitu cheupe kilicho juu yake, na kikishaingia rangi hakisafiki. Punguza joto hadi kiwango cha chini kabisa kinachoyeyusha gundi, fupisha muda, au shona tu. Kwa jezi za michezo zenye rangi kali, mimi huchagua uzi moja kwa moja.

Kiraka chenyewe kimeyeyuka au kimefifia

Huenda hicho kilikuwa cha plastiki au mpira, si cha nyuzi. Pasi isikiguse uso kwa uso. Pasha kutoka nyuma tu, na hata hapo uwe na karatasi ya kuokea pande zote mbili.

Kimekaa upande, nataka kukitoa

Kabla ya kubandika, iangalie nguo ikiwa mwilini. Kilichonyooka mezani kinaweza kupinda kifuani. Kama umechelewa, pasha kiraka kwa sekunde 15 au 20, inua pembe kwa kibano, na uvute taratibu sambamba na kitambaa, usivute kwenda juu. Kikianza kugoma kimepoa, kipashe tena. Usikimalize kwa nguvu kwenye kitambaa chembamba, maana utatoboa.

Mabaki ya gundi yaliyoachwa kwenye nguo yaondoe kwanza kwa karatasi ya kaki na pasi, kisha kwa pamba yenye spiriti, ukiwa umejaribu kwanza sehemu iliyofichika kuona kama rangi inatoka. Asetoni ina nguvu zaidi, lakini huyeyusha vitambaa vya asetati, kwa hiyo soma lebo kabla ya kufungua chupa. Ukimaliza, fua nguo yote kwa sabuni na uiache ikauke vizuri. Kiraka kilichotolewa hivi huwa kimeacha gundi yake nusu kwenye nguo na nusu kwenye karatasi, kwa hiyo ukikirudisha mahali sahihi usitegemee gundi ile ya kwanza: kiongezee utando mpya mgongoni, au kishone.